Kuinua gurudumu la mbele: kwa mafuta, kwa klachi au kwa kusimama?

Ukiuliza wanaoendesha skrambla, yaani pikipiki za njia mbaya, kuanzia Njoro hadi Ahero namna ya kujifunza kupiga wili, yaani kuendesha gurudumu la mbele likiwa hewani, utapata majibu matatu yanayogombana. Mmoja atakuambia uvute mafuta tu, mengine yatakuja yenyewe. Wa pili atakucheka: bila klachi unapoteza muda na petroli. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkongwe wa kundi na magoti yake yana makovu ya kutosha, atasema usikae kwenye kiti hata kidogo. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema akiwa na pikipiki yake na uwanja wake kichwani. Ukichukua ushauri wa mwenye XR250 ukaupeleka kwenye DT125 ya zamani, utalala chini na hutajua kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu njia zenyewe.

Njia ya mafuta: umeketi, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Unafunga mafuta kidogo, shoki za mbele zinabonyea, kisha unayafungua kwa mkupuo huku mabega yakienda nyuma. Mkono wa kushoto hauna kazi katika kuinua.

Njia ya klachi: umeketi vilevile, gia ya kwanza au ya pili. Unavuta klachi kwa kidole kimoja au viwili, mlio wa injini unapanda, unaiachia haraka. Nguvu iliyokuwa imejikusanya inaingia kwenye tairi la nyuma mara moja na mbele inapaa.

Njia ya kusimama: miguu iko kwenye futresti (vyuma vya kukanyagia), magoti yamekunjwa. Unajikandamiza chini hadi shoki zote zibonyee, na zinaporudi unapanda nazo huku ukifungua mafuta au ukigusa klachi. Mwili unafanya nusu ya kazi.

Nitazipima kwa mambo matano: pikipiki inayoikubali kila njia, ardhi inayofaa, jinsi inavyokuangusha, bili ya fundi, na mahali inapokufikisha. Uzuri wa picha sikuuweka. Picha za wili zote ni nzuri, hata ya yule aliyeanguka sekunde moja baadaye.

Mguu wa kulia, kabla ya mikono

Njia yoyote utakayochagua, kinachokurudisha chini ni breki ya nyuma. Kila pikipiki ina mizani yake, pale juu inapojibeba yenyewe bila kutaka kushuka wala kupinduka. Ukipita hapo, kufunga mafuta peke yake kunaweza kuchelewa. Ukigusa breki ya mguu, mbele inashuka papo hapo.

Kwa hiyo soli ya kiatu ikae juu ya pedali kabla hujainua chochote. Inua kidogo tu, kimo cha tofali, halafu kanyaga breki kwa makusudi, hata kama hukuwa na haja. Rudia hadi mguu uache kusubiri amri. Wengi hulikimbia zoezi hili kwa sababu halina sifa yoyote, na hao ndio utakaowaona baadaye wakitafuta kioo cha taa kwenye nyasi.

Angalia pia pedali yenyewe. Kwenye pikipiki zilizopita mikono mingi huwa imekaa juu mno au chini mno. Mwambie fundi airekebishe ukiwa umevaa kiatu utakachofanyia mazoezi, maana gambuti na raba hazina unene mmoja. Na ujue kwamba ukikanyaga breki kwa nguvu huku klachi imeachiwa, injini inaweza kuzima. Ndiyo maana hata mtu wa njia ya mafuta anatakiwa kuacha kidole kimoja cha kushoto juu ya klachi.

Helmeti, glavu, viatu vinavyopita kifundo cha mguu na kinga ya magoti ni lazima kwa njia zote tatu. Kinga ya mgongo ni muhimu zaidi kwa wa klachi. Ukizunguka mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, kwa subira utapata kinga za magoti za michezo mingine zinazofanya kazi hiyo vizuri. Helmeti ya mitumba usinunue, hujui iliangukia wapi.

Pikipiki inayokubali

Njia ya mafuta inataka injini yenye mvuto tangu chini: ya mipigo minne, cc 230 hadi 250. Kwenye hizo, gia ya kwanza na mgongo ulioegemea nyuma vinatosha. TT-R125 ni nyepesi, kama kilo 90, lakini nguvu yake ni ndogo, na kwa mafuta matupu kwenye tambarare itanyanyuka kidogo na kurudi. DT125 ni hadithi nyingine. Injini yake ya mipigo miwili inalala mlio ukiwa chini halafu inaamka ghafla. Unavuta mafuta, hakuna kitu, unavuta zaidi, hakuna kitu, kisha kila kitu kinakuja kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi hiyo ni tabia mbaya kuliko kukosa nguvu.

Klachi inaondoa tatizo hilo, kwa kuwa wewe ndiye unayeamua injini iwe imeamka kabla ya kuunganisha. Ndiyo njia pekee ya kukaa inayozifaa DT, TT-R na wenzake wote wadogo. Kwenye 250 inafanya kazi pia, pengine kupita kiasi kwa mtu anayeanza.

Kusimama kunakubaliwa na karibu kila pikipiki nyepesi yenye shoki ndefu. Hata AG100 ya maafisa wa kilimo inaweza kuinua pua yake kuvuka mtaro, ingawa kerea ya mbele inakuongezea uzito mahali usipoutaka. Ivue kwanza.

Mwinuko wa mahali nao unahesabika, na ni jambo ambalo watu husahau. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret kama 2,100. Pikipiki iliyokuwa ikinyanyuka kwa mafuta tu kando ya ziwa inaweza kukataa ukifika Nakuru, na hujasahau chochote. Kwa 125 tofauti hiyo ndiyo mstari kati ya njia ya mafuta na njia ya klachi.

Tiba ya bei nafuu ni sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu kwenye ya nyuma. Pikipiki inapoteza mwendo wa juu na inapata mvuto wa chini. Ukifanya hivyo, njia ya mafuta inarudi mezani hata kwa wale waliokuwa wameikatia tamaa.

Boxer na TVS za kazi? Najua utauliza. Kwa klachi zinanyanyuka, sote tumewaona vijana wakifanya. Lakini shoki zake ni fupi kwa kutua, na pikipiki hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi inatakiwa stejini. Siishauri, na sitaiingiza kwenye ulinganisho huu.

Ardhi

Gurudumu la mbele linapaa tu ikiwa la nyuma limeshika ardhi. Hapo ndipo Nakuru inapowachanganya wengi: lile vumbi laini la majivu ya volkano, kijivu, linaloingia hadi kwenye soksi, halishiki. Unaachia klachi, tairi la nyuma linachimba, pikipiki inakwenda upande. Klachi ndiyo inayoumia zaidi kwenye vumbi kwa sababu nguvu yake inakuja kwa pigo moja. Mafuta yanavumilia kidogo. Kusimama kunavumilia zaidi, kwani unapojikandamiza unalisukuma tairi la nyuma chini.

Mashamba ya ngano upande wa Njoro baada ya kuvunwa ni uwanja mzuri kwa njia zote mbili za kukaa: mabua mafupi, udongo ulioshikana, na mteremko mdogo ambao ukiupanda unakusaidia, kwa sababu uzito wako tayari umeegemea nyuma na mwendo hauongezeki ovyo. Shamba la mahindi liache. Vile vigutu vya mahindi vinatoboa chubu na vinakamata gurudumu likitua. Popote uendapo, muone mwenye shamba kwanza, na uende na mtu, usijifunze peke yako.

Tambarare ya Kano, upande wa Kisumu, kuna udongo mweusi. Mvua ikinyesha unakuwa gundi na siku yako imeisha. Kiangazi ukikauka unashika vizuri sana, lakini unapasuka, na ufa unaotosha mkono unatosha tairi la mbele. Tembea kwa miguu mstari wote utakaoutumia. Barabara za murram katikati ya miwa ya Chemelil na Muhoroni zinavutia kwa unyoofu wake, ila trekta hutokea ndani ya miwa bila kukupigia honi, na zina watu. Barabara ya umma, hata ya vumbi, iko chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kuendesha kwa gurudumu moja hapo ni kujitafutia kesi ya kuendesha ovyo.

Kakamega na Vihiga uwanja mpana ni adimu, udongo mwekundu unateleza, na mvua hupenda kuja alasiri. Fanya asubuhi. Lakini kwa mtu wa kusimama, huko ndiko shule ilipo: mawe ya Maragoli, mizizi, mitaro, ngazi za udongo kati ya mashamba. Hana haja ya mita 100 zilizonyooka. Anahitaji jiwe moja la kimo cha goti na mahali pa kugeuzia.

Inavyokuangusha

Njia ya mafuta inakuangusha kwa tamaa. Wiki za kwanza haipandi vya kutosha, kwa hiyo unaongeza. Siku inapopanda kweli, mwili unarudi nyuma, mikono inanyooka, na mkono wa kulia unaning'inia kwenye mafuta na kuyafungua zaidi bila wewe kutaka. Nilimtazama kijana mmoja wa Kiamunyi akiwa kwenye hali hiyo: kidevu juu, viwiko vimenyooka kabisa, injini inalia, na mguu wa kulia ukipapasa hewani kutafuta pedali ambayo ilikuwa sentimita chache mbele yake. Aliteremka nyuma akakaa kitako kwenye nyasi, pikipiki ikaenda kulala peke yake. Bana tangi kwa magoti, ili mikono isibebe uzito wa mwili, na nusu ya anguko hilo haitatokea.

Klachi inaangusha haraka zaidi. Kati ya "haijapanda" na "imepita" hakuna nafasi ya kufikiri, na wili ya kwanza inayofaulu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayokutupa. Anza na mlio mdogo wa injini kuliko unavyodhani unahitajika, uongeze taratibu. Ikipita mizani, achia usukani, shusha miguu chini, iache iende. Wanaoumia vibaya ni wale wanaoing'ang'ania hadi iwalalie. Swichi ya kuzima injini yenye kamba ya kufunga mkononi inasaidia sana hapa: ukitengana na pikipiki, inanyamaza.

Ukiwa umesimama, kupinduka nyuma ni nadra na kuruka chini ni rahisi, kwa kuwa tayari uko kwa miguu. Maanguko yake ni ya ubavuni: tairi la mbele linatua limepinda, au la nyuma linateleza juu ya jiwe. Vifundo vya miguu na magoti ndivyo vinavyolipa. Na kuna tatizo la breki. Mguu uliobeba mwili mzima hauwezi kugusa pedali kwa wepesi ule wa mguu wa aliyekaa. Inakubidi uhamishie uzito mguu wa kushoto, na hilo huchukua muda kuzoea.

Bili ya fundi

Njia ya mafuta ndiyo ya bei rahisi. Gharama yake inatoka kwenye kutua: sili za shoki za mbele zikianza kuvuja utaona mstari wa oili kwenye chuma kinachong'aa, na beringi za shingo ya usukani zitalegea mapema. Ukitua huku mafuta yakiwa bado yamefunguliwa kidogo na gurudumu limenyooka, vitu hivyo vinadumu.

Klachi inakula zaidi. "Kijana, hii klachi umeipika," fundi wa mtaa wa Shabab, Nakuru, alimwambia mteja mbele yangu, akimwonyesha sahani za klachi zilizogeuka rangi ya samawati. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili ya injini. Ukiweka oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano, sahani zinaanza kuteleza: mlio unapanda, pikipiki haiendi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hii. Hakikisha waya wa klachi una ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, la sivyo sahani zinasuguana hata ukiwa umeiachia. Ongeza cheni na sproketi kwenye bajeti, kwani kila pigo linapita hapo.

Kusimama kuko katikati: futresti zinapinda, spoku zinalegea, rimu ya nyuma inapata meno ya mawe. Kagua spoku kila unapomaliza.

Inakufikisha wapi

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko zote.

Ya mafuta ina dari. Gia ya kwanza inaisha haraka, injini inafika mwisho wa nguvu zake, pua inaanguka. Utapata wili fupi, safi, na utakuwa umejifunza mabega, magoti na breki bila kushughulika na mkono wa pili. Kuna wanaoridhika hapo, na ni haki yao.

Ya klachi inakupeleka mbali, kwa sababu inafungua gia ya pili, ambayo haishtuki kila unapogusa mafuta. Kwenye gia ya pili unaweza kukaa kwenye mizani ukicheza na breki na mafuta kwa mguso tu. Mpenzi wa wili ndefu hana njia nyingine. Kumbuka tu kwamba pikipiki ya kabureta ikiinuka wima mno, petroli iliyo kwenye bakuli lake inahamia upande mmoja, na injini inaweza kukohoa na kukushusha bila kuulizwa.

Ya kusimama haina sherehe. Wili yake ni ya nusu sekunde. Ila ndiyo inayofanya kazi barabarani: kuvuka gogo, kupanda ukingo wa mtaro, kuruka shimo ambalo jana halikuwepo. Binafsi naiona kuwa ujuzi wenye manufaa kuliko zote tatu, na nakubali kwamba kwa kijana wa miaka kumi na minane neno hilo halina mvuto wowote.

Nani aanze wapi

Una 230 au 250 ya mipigo minne, uko Kisumu au pande za chini, na una shamba lenye mwinuko mdogo: anza kwa mafuta. Ukiweza kuinua na kushusha kwa breki bila kufikiri, hamia klachi kwenye gia ya pili.

Una TT-R au 125 nyingine ya mipigo minne na uko Nakuru, Molo au Eldoret: punguza jino moja la sproketi ya mbele ujaribu mafuta ukipanda mlima. Ikikataa bado, nenda klachi ukiwa na oili sahihi na kinga ya mgongo.

Una DT au skrambla nyingine ya mipigo miwili: ruka njia ya mafuta. Klachi kwa mlio mdogo, au anza kwa kusimama.

Pikipiki unaitumia kazini, kwenye zahanati, ushirika wa maziwa au miradi ya vijijini: jifunze kusimama, na uishie hapo hadi upate pikipiki ya pili. Hutaiharibu sana na siku ya kazi itakulipa.

Unaishi Vihiga au Kakamega na huna uwanja: kusimama tena. Kwa njia za kukaa, panga siku na wenzako mwende mahali penye nafasi.

Umewahi kuumia mgongo, au umri umesogea: mafuta au kusimama. Klachi inaweza kusubiri.

Na kama breki yako ya nyuma haishiki vizuri, au pedali inacheza, usichague chochote bado. Mpelekee fundi abadilishe viatu vya breki, kisha urudi kwenye zoezi la kimo cha tofali.